Maana Mbili za Kupona

Katika Kiswahili neno "kupona" lina maana mbili zilizo jirani, na kwa ujirani wao watu hupita kutoka moja kwenda ya pili bila ya kubisha hodi. Baharia aliyezamiwa na chombo, akashikilia ubao hadi alfajiri, husemwa kuwa amepona, hata kama mguu umevunjika na mali yote imekwenda na maji. Mtu aliyelala na homa wiki mbili, kisha akaamka, akaoga na kuomba chai, naye husemwa kuwa amepona. Wa kwanza ameokoka na hatari. Wa pili ameondokewa na maradhi. Kwa kawaida kuchanganyika kwa maana hizi hakumdhuru mtu, maana mazungumzo yenyewe huonesha ni ipi iliyokusudiwa.

Pana mahali pamoja, hata hivyo, ambapo kuchanganyika huko huweza kugharimu roho. Ni kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, pale tabibu anapotoka na kumwambia mama wa mtoto mwenye kichwa maji kwamba mwanawe amepona. Tabibu amesema kweli kwa maana ya kwanza. Mama amesikia kweli nyengine kwa maana ya pili, naye hushukuru, humfunga mwanawe kanga na kurudi kwao. Hapo ndipo linapozaliwa swali lenye uzito: anayempa mtoto uhai kwa chombo kisichodumu, anadaiwa nini baada ya hapo, na deni hilo ni la nani?

Ili swali lieleweke, maradhi yenyewe na yaelezwe kwanza. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji safi. Maji hayo hutengenezwa humo humo bila ya kukoma. Kwa mtu mzima hufika kiasi cha nusu lita kwa siku, ilhali yanayokuwamo kwa wakati mmoja hayafiki theluthi ya hayo. Kwa hiyo ni lazima yatoke, yauzunguke ubongo na uti wa mgongo, kisha yanywewe na damu. Njia ikizibwa, maji hujikusanya na vyumba hutanuka, na ubongo husukumwa ukutani. Kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu lake haijaungana, kichwa hukua kupita kiasi, utosi huvimba, mishipa ya kichwani huchomoza, na macho huelemea chini kama jua linapokuchwa. Asipotibiwa, yumkini atakufa. Na akiishi, mara nyingi huishi kwa kupungukiwa na uoni, mwendo au fahamu.

Wapo watoto wanaozaliwa na hali hiyo, wakiwamo wengi wenye mgongo wazi. Wapo njiti waliovujiwa damu ndani ya ubongo. Na wapo waliozaliwa wazima kabisa, wakapatwa na maambukizi katika siku au wiki zao za mwanzo. Hawa wa mwisho ni wengi katika Afrika ya Mashariki kuliko ilivyodhaniwa zamani. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa Mbale, Uganda, mwaka 2001, mpasuaji wa Kimarekani Benjamin Warf na wenzake waligundua kuwa zaidi ya nusu ya watoto waliowapokea walipata kichwa maji baada ya maambukizi. Jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayeharakisha kutafuta laana katika ukoo wa mama.

Tiba iliyoenea ni mrija, ambao wazazi wengine huuita mpira. Ncha yake moja huingizwa katika chumba cha ubongo. Mwili wake hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani. Ncha ya pili huachwa ndani ya tumbo, ambako maji hunywewa na mwili. Njiani huwekwa vali, yaani kilango kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu, na kwa kipimo. Mtoto aliyeingia akiwa anatapika na kulia usiku kucha huweza kunyonya na kulala vyema baada ya siku chache. Si ajabu mama akaliita tukio hilo kupona.

Historia ya mrija huo ina funzo. Mwaka 1952 wapasuaji wawili wa Kimarekani, Frank Nulsen na Eugene Spitz, walitoa taarifa ya mrija wenye vali uliopeleka maji kwenye mshipa wa damu uelekeao moyoni. Chombo kilifanya kazi, kisha kikawa kinaziba. Mwishoni mwa mwaka 1955 akazaliwa mtoto aitwaye Casey Holter, mwenye mgongo wazi na kichwa maji. Baba yake, John Holter, alikuwa fundi katika kampuni ya makufuli. Alipoelezwa kwamba mirija huziba na kuharibika, hakustahamili. Alijifungia katika karakana yake na kubuni vali mpya ya silikoni. Vali ilipokuwa tayari, mwaka 1956, Casey alikuwa dhaifu mno hata asiweze kupasuliwa, ikawekwa kwa mtoto mwengine. Casey aliwekewa yake baadaye, naye akafariki akiwa bado mdogo. Vali ya baba yake ilikwisha kuenea duniani.

Kisa cha pili kinamhusu mtu aliyewahi kuishi katika pwani hii. Roald Dahl, ambaye dunia inamjua kwa hadithi zake za watoto, alifanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya vita vya mwaka 1939. Mwezi wa Disemba 1960, mjini New York, teksi iligonga kigari alimokuwamo mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne. Kichwa kilijeruhiwa, maji yakajaa, mrija ukawekwa. Mrija ukaziba. Ukatolewa, ukawekwa mwengine, ukaziba tena, na kila mara mtoto alirudishwa mezani kupasuliwa. Dahl alimwendea Stanley Wade, fundi aliyekuwa akitengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea, na Kenneth Till, mpasuaji wa ubongo wa London. Watatu hao wakabuni vali iliyokuwa tayari mwaka 1962, wakakubaliana kutochuma faida kutokana nayo. Kufikia wakati huo Theo alikwisha kupata nafuu, hakuihitaji tena. Waliofaidika ni watoto wa watu wengine, kati ya 2,000 na 3,000.

Akina baba hawa wawili waliona kitu kile kile: kwamba upasuaji wa kwanza haukuwa mwisho wa jambo. Kila mmoja alitaka kumaliza shida ya mwanawe, na kila mmoja akaishia kutumikia mwana wa mwenziwe. Wala hawakuimaliza shida yenyewe. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha watoto 344 katika vituo vya Amerika ya Kaskazini na Ulaya, uliolinganisha vali ya kawaida na aina mbili mpya zilizosifiwa sana. Vali mpya hazikuishinda ya zamani. Baada ya mwaka mmoja, mirija iliyokuwa ikifanya kazi bila ya hitilafu ilikuwa 61 kwa kila 100. Baada ya miaka miwili ilikuwa 47. Hayo yametokea katika nchi tajiri, mikononi mwa wapasuaji mahodari, penye umeme usiozimika.

Hitilafu zenyewe zina sura nyingi. Mrija huziba, mara nyingi kwa sababu vinyama vya ndani ya ubongo vimeuota mdomo wake. Vijidudu vya ngozini huweza kuingia nao siku ya upasuaji, vikajificha, vikaleta homa na wekundu baada ya wiki au miezi. Maji huweza kutoka kwa wingi kupita kiasi, ubongo ukanywea na damu ikakusanyika baina yake na fuvu. Tena mtoto hukua: shingo hurefuka, kifua hupanuka, na mrija uliomtosha akiwa mchanga humfupikia, ukakatika au ukachomoka. Kwa hiyo hata usipotendeka uzembe wowote, kukua kwa mtoto, jambo ambalo kila mzazi huliombea dua, nako ni sababu ya kumrudisha hospitali.

Na afikiriwe sasa mama wa kijiji kimoja cha kaskazini mwa Pemba. Mwanawe amewekewa mrija Unguja. Imepita miezi minane, mtoto anakaa na kucheka. Asubuhi moja anatapika mara mbili, kisha analala usingizi mzito saa ambazo si zake. Jirani anasema ni meno. Bibi anasema ni jicho la watu. Mama naye anasema moyoni mwake kwamba haiwezi kuwa kichwa, kwa sababu kichwa kilipona. Baina yake na mpasuaji kuna barabara ya kwenda Mkoani, na boti isiyoondoka kila saa, na nauli isiyokuwapo ndani ya nyumba. Akingoja siku tatu, huenda akafika na mtoto asiyeamka.

Juu ya mama kama huyu pana kauli mbili zinazoshindana. Kauli ya kwanza husema kwamba kuanza jambo lisiloweza kuendelezwa ni dhulma. Kama hapana njia ya kumrudisha mtoto mrija utakapoziba, kwa nini umwekewe? Si afadhali aachwe kwa Mola wake kuliko kupewa tumaini lenye tarehe ya kwisha? Kauli hii ina sura ya huruma, na wako wenye busara walioisema. Lakini inaifanya shida ya kesho kuwa sababu ya kumnyima mtu leo yake. Mtoto asiyetibiwa haachwi kama alivyo. Maji yanaendelea kumkandamiza ubongo kila siku. Mrija uliofanya kazi mwaka mmoja tu umeupa ubongo mwaka wa kukua katika umri ambao haurudi. Tena wenye kauli hii hawaishiki popote pengine. Hakuna amwambiaye mgonjwa wa kisukari asianze dawa kwa kuwa atazihitaji maisha yake yote. Kwa nini basi asemewe hivyo mtoto, ambaye hana hata ulimi wa kujitetea?

Kauli ya pili husema kwamba kazi ya tabibu inakwisha uzi unapofungwa. Yaliyobaki ni ya Mungu na ya wazazi. Nayo ina ukweli wake, maana tabibu ni mmoja na wagonjwa ni wengi. Lakini inasahau jambo moja. Aliyemtia mwenziwe kitu mwilini amemtoa katika hatari moja na kumweka katika hali mpya yenye hatari zake: mwili wa mtoto sasa unakitegemea chombo ambacho baba hawezi kukitengeneza wala mama kukifungua. Mwenye kuleta utegemezi huo hawezi kusema kwamba hahusiki nao. Wazee walisema ahadi ni deni, na mrija ni ahadi iliyoandikwa chini ya ngozi, japo hakuna aliyeitamka. Umeahidi kwamba utakapoziba, patakuwa na mtu wa kuuzibua.

Lakini mdaiwa ni nani? Haiwezi kuwa mpasuaji peke yake, kwa sababu mpasuaji huhamishwa, hustaafu, hufa, ilhali mtoto anatarajiwa kuishi kuliko yeye. Deni la umri mzima linahitaji mdaiwa asiyezeeka. Ndiyo maana haki hapa inaiangukia hospitali, serikali na jamii, na inadai vitu vya kawaida mno: mirija ya akiba kabatini, muuguzi wa kijijini anayezijua dalili, mwalimu wa skuli asiyemwita mvivu mtoto anayesinzia, na nauli ya boti iliyowekwa kabla ya siku ya kuhitajika. Visiwa hivi vimepiga hatua. Tangu mwaka 2014 pana kituo cha upasuaji wa ubongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kilichojengwa kwa ushirikiano na wakfu wa NED wa Uhispania. Kituo kama hicho ni nusu ya ahadi. Nusu ya pili ni njia ya kukirudia.

Linabaki suala la lawama. Mrija unapoziba, wa kwanza kuulizwa ni mama: alimwangusha? alimlaza upande mbaya? kwa nini amechelewa? Swali la mwisho ndilo lenye ukali, kwa kuwa mara nyingi alichelewa kwa sababu aliamini alichoambiwa. Ni wajibu kutofautisha dosari ya chombo na kosa la mtu. Mrija uliozibwa na vinyama vya ubongo haukukosewa na mama, wala kwa kawaida haukukosewa na mpasuaji. Hiyo ni dosari, na dosari hustahili subira na matengenezo. Kosa lipo kwingineko: ni la yule aliyejua kwamba mrija huweza kuziba, akanyamaza.

Wapo wanyamazao kwa wema. Huona mama amechoka, amelia siku nyingi, na hudhani si uungwana kumwambia, siku ile ile ya furaha, kwamba huenda yakarudi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema, asiongezwe mwengine. Huruma hii yafaa ipimwe kwa matokeo yake. Khofu isiyo na la kufanya humwonea mtu bure. Lakini khofu iliyopewa kazi hugeuka hadhari. Dalili ni chache na zaweza kukaririwa na asiyejua kusoma: kutapika kusikokoma, usingizi usio wa saa zake, utosi uliojaa mtoto akiwa ametulia, macho kuelemea chini, degedege, homa, wekundu au uvimbe penye njia ya mrija, na kwa mtoto aliyekwisha kukua, kuumwa na kichwa na kusahau aliyokuwa akiyajua. Mama anayeyajua haya hangoji meno. Ukweli aliopewa mlangoni huwa ni sehemu ya tiba, tena sehemu isiyoagizwa kutoka ng'ambo.

Ukweli unahitajika pia juu ya gharama na juu ya mipaka ya elimu. Kule Mbale, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 juu ya watoto 195 ulilinganisha mrija wa Kihindi wa dola 35 hivi na mrija mwengine wa takriban dola 650. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana baina yao. Basi umasikini wa kifaa haukuwa udhuru. Warf akaenda mbele zaidi. Aliwaza juu ya mtoto anayekaa mbali asiyeweza kurudi, akatafuta njia ya kumtibu bila ya mrija: kwa kamera nyembamba hutobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, kisha sehemu ya vinyama vinavyotengeneza maji huunguzwa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka huo huo, kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, kutoboa pamoja na kuunguza kulifaulu kwa 66 katika 100, ilhali kutoboa peke yake kulifaulu kwa 47.

Ilionekana kama kwamba deni limepatiwa ufumbuzi: chombo kisipowekwa, hakuna cha kuziba. Lakini mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Mbale lililowagawa kwa bahati nasibu watoto wachanga 100, wengine wakawekewa mrija na wengine wakatibiwa kwa njia mpya. Baada ya miezi kumi na miwili akili za makundi mawili hazikutofautiana. Tiba ilishindwa kwa 35 katika kila 100 wa njia mpya na kwa 24 wa mrija, tofauti isiyotosha kutoa hukumu. Tundu nalo huweza kuziba. Njia mpya ni neema kwa wengi, kwani anayefaulu nayo hubaki huru na chombo, lakini nayo haimruhusu tabibu kufunga daftari. Hapajapatikana bado, Afrika wala kwengineko, njia ya kumponya mtoto wa kichwa maji kisha kumsahau.

Pengine hilo si la kusikitisha kama linavyosikika. Lugha iliyochanganya maana mbili za kupona ndiyo hiyo hiyo iliyotoa kitenzi kingine kutoka katika kuugua, yaani kuuguza. Kuuguza ni kuwa pamoja na mgonjwa katika ugonjwa wake, kwa uji, kwa maji ya kuogea, kwa kukesha, bila ya kuuliza yatakwisha lini. Watu wa pwani hawajapata kuiona kazi hiyo kuwa dalili ya tiba iliyoshindwa. Kadhalika walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Kuweka mrija ni mfano wa kuzaa: kuna siku yake, uchungu wake na shangwe yake. Kinachofuata ni malezi, na malezi hayana siku ya kukabidhiana hati. Kilichopungua ni kwamba kazi hii imeachiwa mama peke yake, tena bila ya kuelezwa kwamba amepewa.

Basi tabibu anapotoka katika chumba cha upasuaji, na mama akasimama, maneno yanayostahiki si mengi. Anaweza kusema: "Mama, mwanao amepona hatari ya leo. Mrija huu utamsaidia, na siku moja huenda ukaziba. Ukiziba, si kosa lako. Akitapika na kusinzia, usingoje. Mlete, usiku au mchana. Na hii hapa nambari ya simu ya mtu atakayekupokea." Mama atakayesikia hayo huenda akaketi tena, kwa kuwa habari ni nzito. Kisha atauliza dalili zilikuwa zipi, na atazirudia moja moja, na muuguzi aliye karibu atamsahihisha pale atakaposahau.